Kutundika Daluga Bila Kinyongo: Kijitabu kwa Wachezaji wa Mpira, Familia na Viongozi wa Klabu, Tabora na Kigoma

Muulize mchezaji aliyeacha mpira hapa Tabora mpira wake uliishaje, na mara nyingi atakutajia mtu. Atamtaja kocha aliyemsugulisha benchi msimu mzima, au kiongozi aliyekula fungu lake la usajili, au beki aliyemvunja goti kwenye ndondo. Wakati mwingine atamtaja shangazi yake. Ni nadra kumsikia mtu akisema kwamba miaka yake ilifika.

Tumeandika kijitabu hiki kwa sababu ya jibu hilo. Wanaotajwa wengine walikosa kweli, na humu hatumtetei mkosaji. Lakini mtu anayeamini kwamba mpira wake uliuawa hukaa miaka akimtafuta muuaji, na muda wote huo hajauzika. Kusamehe kunampa nafasi ya kuutazama mwisho wenyewe, aone ni kiasi gani kililetwa na watu na ni kiasi gani kililetwa na umri.

Kazi ya miguu

Mji huu unaijua kazi ya miguu. Kabla ya reli, mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi kutoka Unyanyembe, yaani hapa Tabora, hadi Bagamoyo, mwendo wa karibu miezi mitatu, kisha akarudi na mzigo mwingine. Ilikuwa kazi ya ujira na ya sifa. Kirangozi alitangulia na bendera, nyimbo zikafuata, na kijana aliyefika pwani alirudi akitazamwa kwa jicho jingine. Njia hiyohiyo ilipitisha pia watu waliofungwa minyororo, ambao hawakuchagua safari wala mzigo. Hao hatuwachanganyi na wapagazi wa kulipwa, na hatuwasahau.

Mwaka 1912 reli ilifika Tabora, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Mabega yaliyokuwa yakigombewa yakakosa mzigo. Hakuna aliyewaloga wapagazi, na hakuna kiongozi wa msafara aliyewaonea wivu. Kazi yao ilikuwa na mwisho, na mwisho ukaja juu ya chuma. Wengi wao walikuwa na kitu kimoja cha kushika: hawakuwahi kuliacha jembe. Safari zilifuata kiangazi, na mvua zikikaribia mtu alitaka awe shambani kwake.

Mpira nao ni kazi ya miguu yenye mwisho. Mchezaji wa Ligi Kuu akibahatika hucheza miaka kumi au kumi na miwili. Sasa tazama hesabu ya NSSF. Pensheni ya uzee inataka michango ya miezi 180, yaani miaka 15, na umri wa kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Anayetundika daluga akiwa na miaka 33 yuko mbali na vyote viwili. Kwa hiyo dai namba yako ya uanachama siku unaposaini mkataba, hakiki kila baada ya miezi michache kama klabu inapeleka michango, na ukiacha mpira endelea kuchangia kama mtu aliyejiajiri, hata kwa pesa ya mizinga ya nyuki au ya tumbaku. Hilo ndilo jembe lako. Mafunzo ya ukocha na urefa nayo yaanze ukiwa bado unacheza. Juma Kaseja, mtoto wa Kigoma, aliidakia Simba na Yanga, na baadaye akaingia kwenye kufundisha makipa. Leodegar Tenga, nahodha wa Taifa Stars iliyokwenda Lagos kwenye fainali za Afrika mwaka 1980, alikuwa amesomea uhandisi, na baadaye akawa Rais wa TFF.

Deni la timu isiyokuwepo

Tabora tuna ugumu wetu ambao mikoa mingine haiujui sana. Timu zetu hupanda, hushuka na kubadilika majina. Wazee wanaisimulia Milambo. Rhino Rangers, timu ya wanajeshi, ilicheza Ligi Kuu msimu wa 2013/14 ikashuka. Kitayosce ilipanda mwaka 2023 na kuitwa Tabora United. Mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu, Agosti mwaka huo dhidi ya Azam, timu iliianza na wachezaji wanane tu kwa matatizo ya usajili, na mechi ikavunjika mapema. Novemba 2024 timu hiyohiyo iliifunga Yanga mabao 3-1 jijini Dar es Salaam, na watu wa Tabora tuliimba hadi usiku. Mwaka 2025 ikawa TRA United.

Hatusemi kwamba timu hizi zilimdhulumu mtu. Tunasema kwamba mchezaji wa mkoa huu anaweza kubaki na donge juu ya klabu ambayo jina lake limeshafutwa ukutani, mwenyekiti wake amehama na mhasibu wake ameshafariki. Mdai yupo, mdaiwa hayupo. Kwa maoni yetu hiki ndicho kinyongo kigumu kuliko vyote, kwa kuwa hakina mlango wa kubisha.

Hapa inafaa kutenganisha mambo ambayo watu huyachanganya. Kupatana kunahitaji watu wawili. Kusamehe kunaweza kufanywa na mmoja, hata mwenzake akiwa kaburini. Wala kusamehe si kusahau: goti lako litakukumbusha kila masika.

Kama aliyekukosea bado yupo, na unaona uko tayari, nenda kwake na mtu mzima mmoja mnayemheshimu wote. Usiende siku ya mechi, na usiende umelewa. Maneno yawe machache: "Shikamoo, mwalimu. Msimu ule ulipoacha kunipanga bila kuniambia sababu, uliniumiza. Nimekuja ulisikie kutoka kwangu, na kukuambia kwamba sitaki tena kulibeba." Anaweza kuomba radhi. Anaweza kujitetea, au akabaki kimya akiangalia miguu yake. Wewe umeshasema. Na kama hauko tayari, asikulazimishe mtu, awe mchungaji, shehe au mama yako mzazi. Msamaha wa kusukumwa huchacha.

Kusamehe hakufuti madai

Wachezaji wengi hukwepa neno msamaha kwa sababu viongozi hulitumia vibaya: "Tuyamalize kifamilia," halafu mishahara ya miezi minne inayeyuka. Kumsamehe mtu ni jambo la moyo. Pesa ya mkataba ni jambo la karatasi. Vyote viwili vinaweza kwenda pamoja.

Kanuni za FIFA zinasema klabu isipolipa mishahara miwili ya mwezi kinyume cha mkataba, mchezaji ana sababu halali ya kuuvunja, baada ya kuipa klabu notisi ya maandishi ya angalau siku 15. Madai yanayopelekwa FIFA hayasikilizwi yakipita miaka miwili. Tunza nakala ya mkataba, taarifa za benki na ujumbe wa simu. Ndani ya nchi, milango ya kuanzia ni kamati ya TFF inayoshughulikia sheria na hadhi za wachezaji, pamoja na chama cha wachezaji, SPUTANZA.

Wengi tunakumbuka suala la Feisal Salum na Yanga. Mwishoni mwa 2022 aliandika kuvunja mkataba, na kamati ya TFF ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Miezi ikapita, maneno yakazidi kuwa makali. Juni 2023 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa amewaalika Yanga Ikulu, aliwaomba walimalize, na baada ya siku chache Feisal akahamia Azam kwa makubaliano ya klabu hizo. Neno la mkubwa lililainisha mioyo, na bado mkataba ulimalizwa kwa kusainiwa.

Mtani ana kazi hapa

Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo na makabila mengine ya njia ya pwani unahusishwa na misafara ile: wageni waliohitaji maji, chakula na mahali pa kuzikia mwenzao walijifunza kuchezeana maneno badala ya kushikiana mikuki. Mpira umelirithi neno hilo, na Simba na Yanga tunawaita watani wa jadi. Tumerithi matusi na kusahau wajibu. Mtani wa kweli anakucheka hadharani, lakini ukifiwa yeye ndiye wa kwanza kushika jembe la kaburi. Ana ruhusa ya kukuambia ukweli ambao ndugu yako anauogopa, na huruhusiwi kumkasirikia.

Mchezaji aliyehama upande mmoja kwenda wa pili huitwa msaliti hadi uzeeni. Na mchezaji anayeachwa, "Thank You" ya klabu mitandaoni anaisoma kwenye simu kama mtu baki. Tunawaomba viongozi wa matawi watumie utani kwa kazi yake ya asili. Mchezaji akiachwa, mtume mtani nyumbani kwake kabla tangazo halijatoka. Amtanie kuhusu tumbo linaloanza kuota, akae naye, ale chakula chake, aseme waziwazi kwamba mwendo umekwisha na kwamba watu wanamshukuru.

Nyumbani

Sasa turudi kwa shangazi. Goti likigoma kupona, familia nyingine huanza kuuliza ni nani alichukua nyota ya kijana. Kidole huangukia mwanamke mzee, mara nyingi mjane. Katika mikoa yetu ya magharibi wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za namna hii. Ligamenti ya goti hukatika kwa kugeuka vibaya au kugongwa, na hurudi kukatika kwa mtu aliyelazimishwa kucheza kabla ya kupona. Kama umewahi kumtaja shangazi au bibi yako, hapo huna wa kumsamehe. Wewe ndiye wa kuomba radhi. Nenda mapema, ukapige magoti.

Ndugu na mke wajue pia kwamba ukimya wa mchezaji aliyestaafu si kiburi. Utafiti wa FIFPRO wa mwaka 2015 ulikuta dalili za sonona au wasiwasi kwa asilimia 38 ya wachezaji waliohojiwa na asilimia 35 ya waliostaafu. Asiyelala, anayekunywa kila siku, au anayesema heri asingezaliwa, asiachwe peke yake. Msindikizeni Hospitali ya Kitete au kituo cha afya kilicho karibu, au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri.

Na wewe shabiki, ukimkuta mchezaji aliyestaafu stesheni akisubiri treni ya Kigoma, msalimie kwa jina lake la uwanjani. Muulize goti linaendeleaje. Ile penalti aliyokosa usiitaje mpaka aitaje mwenyewe.