Misukule Hawajafika Kariakoo, Moto Umeshafika

Mjini hapa wapo watu wanaojua siku tatu za giza zitaanza mwezi gani, ila hawajui swichi kuu ya jengo wanalofanyia kazi iko wapi. Maagizo haya ni yao, na ni ya kila mwenye fremu, stoo au chumba cha kupanga kati ya Mnazi Mmoja na Jangwani.

Usijiandae kwa kiyama cha kusimuliwa. Mwaka 2000 ulitajwa, ukapita. Tarehe 21 Desemba 2012 ilitajwa, wakasingiziwa Wamaya na kalenda yao, ikapita nayo. Waliokufa ni walioamini: Kanungu, Uganda, Machi 2000, mamia waliteketea kanisani; Shakahola, Kilifi, Kenya, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Ujumbe wa sauti unaotangaza mwisho wa dunia ukikufikia, ufute. Usiusambaze "kwa tahadhari tu".

Jiandae kwa yaliyokwishatokea. Soko Kuu la Kariakoo, lile alilolichora msanifu majengo Beda Amuli, liliungua usiku wa 10 Julai 2021. Asubuhi ya Jumamosi, 16 Novemba 2024, ghorofa la Mtaa wa Mchikichi liliporomoka na kuua watu zaidi ya 20. Machi 2013 lilianguka la Mtaa wa Indira Gandhi, wakafa 36. Desemba 2011 Mto Msimbazi uliingia majumbani. Hakuna nabii aliyehitajika kututajia hayo.

Jua milango miwili ya kutokea. Usiishie kuionyesha kwa kidole. Ipite kwa miguu, ngazi hadi barabarani. Wa pili ukiwa umezibwa na marobota ya mitumba, basi una mmoja tu. Na ufunguo wa grili ya nyuma ukae kwa anayeshinda dukani, siyo kwa bosi aliyeko Guangzhou.

Usirudi ndani kufuata mauzo. Wala simu, wala mzigo ulioshushwa jana. Moshi huangusha mtu kabla moto haujamfikia. Ukikukuta ndani, inama, tambaa, pita ngazi, acha lifti.

Usimwage maji kwenye moto wa umeme. Zima swichi kuu kwanza. Ekstensheni moja isibebe feni, jagi la kuchemshia maji, pasi na chaja sita. Mtungi wa kuzimia moto usiojua kuutumia ni pambo la ukutani. Mwite fundi akufundishe, wewe na vijana wako wote.

Sikiliza jengo. Mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa unakwaruza sakafu. Ufa uliokuwa mwembamba sasa unaingiza kidole. Jirani anachimba chini ya ardhi usiku, na nguzo zinatoa mlio. Usipige plasta, usipake rangi, usisubiri mwenye nyumba arudi safari. Toa watu, kisha toa taarifa serikali ya mtaa na kwa zimamoto. Ukiambiwa unaharibu biashara za watu, waache waseme.

Beba simu yenye chaji, na filimbi. Filimbi haihitaji mtandao. Mwaka 2024 baadhi ya waliofukiwa chini ya kifusi waliwasiliana na waokoaji kwa simu. Ukiwa juu, waokoaji wakiomba ukimya, nyamaza: wanasikiliza pumzi za watu. Na kama huna nyundo wala machela mkononi, ondoka njiani. Video yako haimtoi mtu.

Piga 114 kwa zimamoto, 112 kwa polisi. Taja mtaa na mtaa unaoukata. "Karibu na kwa Mangi" haimfikishi dereva popote, maana Mangi wapo kila kona. Machinga, king'ora kikilia, sogeza meza kabla hujaambiwa.

Usiache daftari la madeni liwe moja. Lipige picha, pamoja na mkataba wa pango, leseni na risiti za mzigo, umtumie ndugu anayeishi mbali na Kariakoo. Ulizia bima ya moto mzigo ukiwa bado rafuni.

Usivuke Jangwani kwa sababu wenzako wanavuka. Maji ya kahawia hayaonyeshi mtaro usio na mfuniko. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari nyekundu, mwendokasi si wa kuutegemea. Lala kwa ndugu upande uliopo.

Weka maji. Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipopungua, jiji liliingia kwenye mgawo. Ndoo mbili zenye vifuniko kwa kila nyumba, na dawa ya maji, zinafaa zaidi ya katoni za biskuti za kusubiria misukule wa kwenye filamu za kutafsiriwa.

Kubalianeni mahali pa kukutana. Likitokea jambo, wote hupiga simu kwa pamoja na mtandao huzidiwa. Viwanja vya Mnazi Mmoja vinatosha. Namba mbili za ndugu ziandike kwenye karatasi, mtoto awe nayo kwenye begi la shule na wewe kwenye pochi, maana simu ikizima wengi wetu hatujui hata namba za wake zetu.