Mbwa akitoka manyoya: tupime mbele ya kutia dawa



Mbwa anatulindia mbuzi na mahindi. Akianza kutoka manyoya na kuota mabaka ya duara yenye magamba, wengi wetu tunasema mara moja: ni upele. Kisha tunamupaka mafuta machafu ya motere. Mafuta hayo ni sumu. Mbwa anayalamba, na ugonjwa unabakia.

Mara ingine mabaka yale ni kuvu, ndugu ya ukungu wa ghalani. Ile inayopatikana zaidi kwa mbwa inaitwa Microsporum canis. Inaambukiza watu pia, zaidi watoto. Upele, wao, unatoka kwa vidudu vidogo, na dawa yake ni ingine. Kwa macho tu, tunaweza kudanganyika.

Laboratware inatambua kuvu namna gani?

1. Kuotesha. Manyoya na magamba yanatiwa katika chakula cha kuvu, sawa vile tunajaribu mbegu mbele ya kupanda. Inaweza kuomba hata wiki 3.

2. PCR. Sisi tuliopita katika Ebola ya 2018 hadi 2020, Kivu ya Kaskazini na Ituri, jina hili tunalijua. Mashine inatafuta alama ya urithi (ADN) ya kuvu na kuizidisha mara mamilioni mpaka ionekane. Jibu linaweza kutoka kwa siku 1 hadi 3.

Lakini tuangalie: PCR inatambua mbegu, haijui kama ingali hai. Mbwa aliyepona anaweza bado kuonekana mgonjwa, juu kuvu iliyokufa ingali kwenye manyoya. Kuotesha ndiko kunaonyesha kama iko hai.

Kijijini hatuna mashine hiyo. Basi tufanye hivi:

- Funika mikono na sashe safi. Ngoa manyoya na magamba pembeni ya baka.
- Tia ndani ya bahasha ya karatasi kavu, hapana plastiki: unyevu unaotesha ukungu mwingine. Andika tarehe, mupe veterineri.
- Muombe aangalie vidudu kwa mikroskopi. Jibu hilo linatoka siku ileile.
- Tenga mbwa, choma malalo yake. Mbegu za kuvu zinaishi miezi mingi.
- Mtoto mwenye baka apelekwe kwenye kituo cha afya.

Tusimuue mbwa bure. Kuvu inapona, kama tumeijua.