Bango la utafiti lianze na jibu

Kila msimu wa makongamano unapokaribia hapa Bukavu, wanafunzi wa kilimo, wa afya na wa mazingira huniletea mabango yao niyatazame kabla hayajaenda kuchapwa. Mimi huanza na kichwa. Mara nyingi nakuta maneno yale yale tuliyozoea kuyaandika kwenye tasnifu zetu za Kifaransa, « Contribution à l'étude de… », yakifuatiwa na jina la ugonjwa, jina la eneo na miaka ya uchunguzi. Ukimaliza kukisoma unajua mtafiti alikwenda wapi. Alichokiona hukijui.

Chukua mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria unaowasumbua sana wakulima wetu. Huku Kabare na Kalehe mgomba ni chakula, ni kasiksi (pombe ya ndizi), ni ada ya shule. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza Ethiopia mwaka 1968, na mwaka 2001 ukagunduliwa Masisi, Kivu Kaskazini. Kwa muda mrefu mkulima aliambiwa ang'oe shina lote pamoja na machipukizi yake, kazi ngumu inayomwachia shamba tupu. Baadaye watafiti wakajaribu njia nyepesi mashariki mwa Kongo: kukata ule mgomba wenye dalili peke yake, usawa wa ardhi, kurudia kila dalili mpya inapoonekana, kupitisha panga motoni, na kuondoa ua dume kwa kijiti chenye panda. Shamba likifuatiliwa hivyo, ugonjwa hupungua sana.

Sasa andika kichwa: « Kata mgomba mgonjwa tu: ugonjwa unapungua bila kung'oa shina lote. » Anayepita na kikombe cha chai mkononi ameshapata habari. Akitaka kujua mashamba yalikuwa mangapi na yalifuatiliwa kwa muda gani, atasimama.

Wazo hili lilipata nguvu mwaka 2019, Mike Morrison, aliyekuwa akisomea udaktari wa saikolojia Marekani, alipotoa video akipendekeza tokeo kuu liandikwe kwa herufi kubwa katikati ya bango, kwa lugha ya kawaida, na mengine yote yakae pembeni. Wapo maprofesa wanaoona bango la namna hiyo ni tupu mno. Mimi nafuata njia ya kati: sentensi kubwa juu, na chini yake mchoro mmoja wenye nafasi ya kutosha, kwa sababu msomaji ana haki ya kuona ushahidi papo hapo. Jedwali la safu kumi na mbili libaki kwenye tasnifu.

Kabla hujaandika neno lolote, panga ukubwa wa ukurasa. Kwenye PowerPoint weka sentimita 84.1 kwa 118.9, yaani A0, baada ya kuwauliza waandaaji kama bango litasimama au litalala. Ukibadilisha ukubwa mwishoni, kila kitu kinahama. Maandishi ya kawaida yasipungue pointi 24, na kichwa kifike 85 au zaidi. Kisha chapa bango zima kwenye karatasi ya A4. Upana na urefu vinapungua mara nne, kwa hiyo ukiishika karatasi sentimita 40 kutoka machoni, ni sawa na kusimama zaidi kidogo ya mita moja na nusu mbele ya bango lenyewe. Usichoweza kukisoma hapo, mgeni wako naye hatakisoma. Kipanue, au kiondoe. Mimi hupenda kiondolewe.

Kwenye mchoro, andika majina kando ya mistari yenyewe, na usitenganishe makundi mawili kwa nyekundu na kijani tu, kwa kuwa wapo wasioweza kutofautisha rangi hizo. Picha za shambani zichukue kutoka kwenye simu iliyozipiga. Zikishapita WhatsApp kama picha za kawaida zinapungua ubora, na kwenye A0 zinaonekana zimefifia. Hifadhi kazi kama PDF ili herufi zisibadilike kwenye kompyuta ya mchapaji, na mpelekee siku kadhaa mapema, maana umeme wetu haungoji kongamano. Ukisafiri kwa boti kwenda Goma au ukivuka Ruzizi, bango la kitambaa au la turubai litastahimili unyevu kuliko karatasi.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kisanduku cha Kiswahili. Bango linaweza kuwa la Kifaransa, ndiyo lugha ya vyuo vyetu, lakini acha nafasi ya sentensi tatu nne za Kiswahili zenye tokeo na la kufanya. Wakulima ndio waliotufungulia mashamba yao na kujibu maswali yetu. Kiongozi wa ushirika akiingia ukumbini lazima apate kitu cha kurudi nacho kijijini, hata akikipiga picha kwa simu tu.

Siku yenyewe simama ubavuni mwa bango, usiuzibe mchoro. Usianze kukariri mbinu. Muulize mgeni anafanya kazi gani. Akikuambia analima migomba, mwonyeshe picha ya mgomba uliokatwa na umweleze panga lilipitishwa motoni kwa muda gani; akiwa mtakwimu, mpeleke moja kwa moja kwenye mchoro.