Mhandisi wa Kampuni ya Mafuta na Kigingi cha Nairobi

Wanaozungumza ni mwalimu mstaafu ambaye ni mzee wa Kanisa la Moravian pale Kinyala, Rungwe, na kijana wa jirani aliyekuja na maswali yake.

KIJANA: Tata, nimesoma habari za Mkenya aliyetoka kwenye kampuni ya mafuta akapanda hadi uongozi wa juu wa Wamormoni, kule Marekani. Nikasema moyoni, mwenye nazo hakosi kiti cha mbele, hata kanisani.

MZEE: Huyo, mwanangu, ni Joseph Sitati, mzaliwa wa Bungoma, mwaka 1952. Alisomea uhandisi wa mitambo Chuo Kikuu cha Nairobi, akahitimu 1975, kisha akafanya kazi katika kampuni ya Total hadi akashika nafasi za uongozi. Lakini angalia tarehe kabla hujamhukumu. Yeye na familia yake waliingia Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ndio hao Wamormoni, mwaka 1986, na serikali ya Kenya ililitambua kanisa hilo Februari 1991. Mtu hununua cheo mahali ambapo cheo kipo. Miaka hiyo mitano waumini walikuwa wachache, usajili hawana, kusali ni nyumbani kwa watu. Mtafuta ukubwa angekwenda kwa Waanglikana au Wapresbiteri, ambako mawaziri walikaa safu ya kwanza. Sitati alibaki, akawa miongoni mwa walioshughulikia usajili huo, na shughuli ya namna hiyo haimalizwi na mhubiri hodari. Inamtaka mtu anayejua kuandika barua ya kiofisi, kupanga nyaraka, kumsubiri ofisa mpaka atoke kikaoni, na kurudi wiki inayofuata bila kununa. Ndiyo maana nasema kanisa lile halikuhitaji mfuko wake, lilihitaji mazoea yake ya kazi.

KIJANA: Mazoea ya kuuza petroli yanamfaa nini mchungaji?

MZEE: Hapo umegusa kiini. Kwetu, tangu Wamoravian walipofika Rungwe mwaka 1891, tumezoea mchungaji anayesomea chuoni, anayelipwa kutokana na sadaka na kuishi nyumba ya kanisa. Kwa Wamormoni, askofu anayeongoza kata yao ya kanisa ana kazi yake ya kumlisha. Jumatatu yuko dukani, darasani au karakanani, na uaskofu anaufanya jioni na Jumapili bila mshahara. Baada ya miaka kadhaa anapumzishwa, anarudi kukaa na waumini wenzake. Sasa itazame Jumapili yao baada ya ibada. Zaka na sadaka huja ndani ya bahasha, pamoja na karatasi aliyojaza mtoaji. Watu wawili hukaa pamoja, wakafungua kila bahasha, wakalinganisha fedha na kilichoandikwa, wakatia saini wote wawili, na fedha zikapelekwa benki mapema iwezekanavyo. Hakuna anayehesabu peke yake. Ni kama chama chetu cha maziwa: anayepima lita haachiwi kuandika daftari bila jicho la pili. Kanisa linaloendeshwa hivyo, tena lisilo na makasisi wa kulipwa, litawatazama kwanza watu waliokwisha kuzoea ratiba, hesabu na kuulizwa maswali. Kigingi cha kwanza cha Nairobi, ambacho ni muungano wa kata kadhaa, kilipoundwa mwaka 2001, rais wake alikuwa Sitati. Baadaye aliongoza misheni ya Calabar, Nigeria, na Aprili 2009 akaitwa katika Akidi ya Kwanza ya Sabini, moja ya mabaraza ya viongozi wakuu wa kanisa hilo. Alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kufika ngazi hiyo.

KIJANA: Lakini tata, huko juu wanalipwa. Usiniambie wanaishi kwa hewa.

MZEE: Sikuambii hivyo. Wanaotumika muda wote hupewa posho ya kujikimu. Nyaraka zilizovuja mwaka 2017 zilionyesha kwamba posho hiyo mwaka 2014 ilipangwa kuwa dola 120,000 kwa mwaka. Kwa mchuma chai wa hapa huo ni utajiri, na anayedai kwamba kanisa lile halimlipi kiongozi yeyote anasema nusu ya ukweli. Ila Sitati alikaa kanisani miaka zaidi ya ishirini kabla ya kufika huko. Nani hungoja posho miaka ishirini bila kujua kama itakuja?

KIJANA: Basi nikuulize zito zaidi. Kanisa hilo liliwanyima weusi ukuhani mpaka mwaka 1978. Mwafrika mwenye akili zake aliingiaje humo miaka minane baadaye?

MZEE: Hilo halina jibu jepesi, na simwamini anayelijibu haraka. Marufuku hiyo ilidumu zaidi ya karne nzima. Aliyeiondoa, Rais wa kanisa hilo, Spencer Kimball, naye alikuwa mfanyabiashara wa bima na nyumba huko Arizona kabla ya kuitwa mtume mwaka 1943. Sidai kwamba biashara ndiyo iliyomfungua macho, maana wafanyabiashara wengine kabla yake waliketi katika mabaraza yaleyale wakaiacha marufuku kama ilivyo. Ninachoweza kusema ni kwamba mlango ulipofunguliwa, Waafrika waliotangulia kuingia walikuta nafasi nyingi za uongozi wa hapa Afrika hazijashikwa na mtu. Makanisa ya kimisionari yalikuwa na ngazi iliyojaa watu tayari. Hilo halifuti dhambi ya zamani, lakini linaeleza kwa nini mtu makini angeweza kuikubali nafasi ile.

KIJANA: Na chai je? Wanakataza chai na kahawa! Hapa Rungwe watakula nini?

MZEE: (Anacheka.) Wanakataza kunywa. Agizo lao ni la 1833, na hawachumi chai kule Utah. Kwetu, ambako kapu la majani mawili na chipukizi linalokwenda kiwanda cha Katumba ndilo ada ya shule, ni mzigo wa pekee: ulime usichokunywa, na mgeni umkaribishe kwa maziwa. Hilo linavumilika. Mimi kinachonisumbua ni kingine. Mfumo unaowapenda watu wenye mazoea ya ofisi utawaokota wahandisi, wahasibu na walimu, na utampita mkulima mwenye hekima asiye na daftari. Tena ukuhani wao ni wa wanaume tu. Mama anayeshika hesabu za kikundi cha kuweka na kukopa hapa Kinyala, shilingi haipotei, hawezi kuwa askofu kwao hata awe hodari kumpita Sitati.

KIJANA: Kwa hiyo hoja yako ya mazoea inakomea hapo.

MZEE: Inakomea hapo, ndiyo. Sitati mwenyewe alistaafu Oktoba 2022 alipofikisha umri wao wa kustaafu, miaka 70, kwa hiyo hilo sasa ni swali la waliobaki Nairobi na Dar es Salaam, si lake.