Stima Ikipotea, Mchezo Huenda Wapi?

Kama umewahi kucheza PlayStation pale Migori mjini au Homa Bay, unakijua kile kilio stima inapopotea dakika ya 80. Mbona mchezo upotee?

Mashine ina kumbukumbu mbili. Ya kwanza ni ya haraka lakini huishi kwa umeme. Ukikatika kidogo tu, yote yamefutika. Ya pili ni kadi. Ile ya PlayStation 2, mashine iliyotoka mwaka 2000, ina megabaiti 8 tu, nayo hushika bila umeme wowote. Basi hakuna shida? Ngoja kwanza. Hatari iko pale mashine inapoiandikia kadi. Stima ikienda wakati huo, orodha ya kadi yenyewe yaweza kuharibika na ligi nzima ikaenda nayo. Kwa hivyo mawingu yakitanda ziwani, hifadhi mapema, usingoje ati fainali.

Game Boy ya mwaka 1989 haijali stima, kwani hutumia betri 4 za AA. Lakini kaseti zake nyingi zinazohifadhi mchezo zina kibetri kilichochomelewa ndani. Miaka ikipita hufa. Mchezo bado utawaka vizuri, ila jina lako halimo.