SPIRITI YA MBAO NA SHERIA YA POMBE

Somo hili lawahusu kwanza makatibu wa vyama vya wakulima wa michikichi, ambao ghala zao huweka soda kali kwa ajili ya wanachama wapikao sabuni. Lagusa mambo mawili yaonekanayo kuwa mbali mbali: udhibiti wa serikali juu ya uuzaji wa pombe, na kemia ya maji yanayopikia mbao katika viwanda vya karatasi. Waingereza huvipa kileo na maji hayo jina moja. Si jina peke yake livikutanishalo.

Yafaa kuanza na jambo linalojulikana Ujiji. Mawese huchanganywa na soda kali iliyoyeyushwa katika maji, na mafuta hugeuka kuwa sabuni. Asiyekuwa na soda ya dukani aweza kuchuja maji ya majivu. Majivu ya mashada matupu ya michikichi yana potasi nyingi, nayo hufanya kazi iyo hiyo. Basi soda hiyo ndiyo ipikayo mbao. Mti ni nyuzi za selulosi zilizoshikanishwa na gundi ngumu iitwayo lignini. Vipande vya mbao hutiwa katika chungu kikubwa cha chuma pamoja na soda kali na salfaidi ya sodiamu, vikapikwa kwa shinikizo katika joto la nyuzi 170 hivi. Lignini huyeyuka, nyuzi zikabaki, na nyuzi hizo ndizo karatasi. Mjerumani Carl Dahl aliibuni njia hii mwaka 1879, nayo huitwa kraft, yaani nguvu. Ndiyo iliyotumika Mgololo, wilaya ya Mufindi, na Webuye katika Kenya.

Maji yanayoingia chunguni huitwa maji meupe; yanayotoka ni meusi kama lami. Hayamwagwi. Hukaushwa hadi yawe mazito, kisha huchomwa katika tanuri. Lignini huwa kuni, na soda hubaki chini, ikayeyushwa na kutiwa chokaa ili itumike tena. Kiwanda kisichoirudisha soda yake hakiwezi kumudu gharama, sembuse mto ulio jirani nacho.

Sasa ndipo spiriti inapotokea. Katika kupikwa, sehemu ndogo ya mti hukatika na kuwa methanoli, ambayo hutoka pamoja na mvuke wakati maji meusi yanapokaushwa. Hii ndiyo spiriti ya mbao. Kuna na njia nyingine ya kupika mbao, ya salfaiti, ambayo huacha sukari ya mti ndani ya maji. Wasweden waliitia sukari hiyo hamira huko Skutskär mwaka 1909 wakapata ethanoli, yaani spiriti ile ile iliyomo katika tembo na pombe ya ndizi. Mti mmoja, basi, hutoa spiriti mbili: moja hulevya, ya pili huua. Kwa macho na kwa pua mtu wa kawaida hawezi kuzitenganisha. Siku hizi methanoli nyingi duniani hutengenezwa kwa gesi asilia na makaa ya mawe, lakini sumu yake ni ile ile.

Ubaya wa methanoli ni kwamba haina haraka. Mnywaji hulewa kidogo, akalala, akaamka akidhani amepona. Wakati huo ini linaigeuza kuwa asidi ya fomiki, iliyo pia katika sumu ya baadhi ya sisimizi. Baada ya nusu siku au siku nzima huja maumivu ya tumbo, pumzi nzito, na macho kuona ukungu. Mililita 10 zaweza kupofusha. 30, ambazo ni vijiko viwili vikubwa, zaweza kuua. Hospitali huweza kumwokoa akifikishwa mapema, kwa hiyo asiachwe alale mpaka pombe imtoke. Tena, kuiwasha gongo ili kutazama rangi ya moto si kipimo: spiriti zote mbili huwaka kwa moto wa buluu.

Je, gongo ya kijijini ina methanoli? Ya ndizi ina kidogo, itokanayo na tunda lenyewe. Vifo vya halaiki vimeletwa na jambo jingine: mtu kutia methanoli ya viwandani ili kuongeza ukali kwa gharama ndogo. Nairobi, Novemba 2000, walikufa watu zaidi ya 100. Machakos, mwaka 2005, karibu 50. Uganda ya kusini magharibi, mwaka 2010, makumi ya watu waliokunywa waragi. Baadhi ya waliopona walibaki vipofu.

Mambo hayo yakizingatiwa, sheria husomeka kwa namna nyingine. Ni kweli kwamba udhibiti wa kwanza ulikuwa wa kikoloni na wenye ubaguzi: mikataba ya Brussels ya 1890 na Saint-Germain ya 1919 iliwazuilia Waafrika vinywaji vikali, huku Mzungu akinywa whisky yake barazani. Wazee wa pwani ya Ziwa Tanganyika hawakukosea waliposhuku nia yake. Lakini baada ya Uhuru, Bunge lilitunga sheria ya moshi ya mwaka 1966, inayokataza kukeneka bila leseni, na sheria ya vileo ya mwaka 1968, inayodai kibali kwa muuzaji, hata wa pombe ya kienyeji. Uganda ilitangulia mwaka 1965: mwenye leseni alitakiwa kuuza enguli yake kwa kiwanda, ambako ilikenekwa upya na kupimwa, ikawa Uganda Waragi. Mpango huo una sura ya ushirika, nao wastahili kufikiriwa kuliko msako wa polisi peke yake. Mitungi ikivunjwa kijijini, wakenekaji huhamia porini, na huko hakuna apimaye chochote.

Tuseme katibu wa chama kimoja analetewa habari kwamba pipa la spiriti limeshushwa kutoka motaboti na linauzwa kwa bei ya chini mno. Mwenye mali asema ni ya kusafishia mashine. Wanachama wawili wakenekao kwa siri wataka chama kilinunue na kuwapimia kidogo kidogo. Pipa halina hati wala jina la kiwanda. Katibu hana chombo cha kupimia, wala hahitaji: kisicho na hati hakiingii ghalani, na taarifa hupelekwa kwa afisa wa afya siku hiyo hiyo, kabla pipa halijapata mnunuzi mwingine. Soda kali nayo ifungiwe peke yake, iandikwe jina kwa herufi kubwa, wala isipimwe kamwe katika chupa ya soda au ya bia, maana watoto hunywa.

Kundi la kujifunza laweza kujadili haya: Wanachama wa hapa wanaotegemea gongo kulipia ada za shule wangeishi kwa kazi gani nyingine? Je, sabuni ya mawese yaweza kuwalipa sawa? Na funguo za ghala hukaa kwa nani katibu akisafiri?