JE, KAZI YA MIKONO NI LAZIMA ILETE PESA?



Tukitembelea vikundi hapa Eldoret swali huwa ni moja: kitu hiki kitauzwa wapi? Ni swali la haki. Lakini iko kazi ambayo mtu huifanya kwa sababu inamfurahisha tu, nayo si ya bure.

Kule Lamu mafundi huchonga majahazi madogo ya mbao, na mlingoti na tanga lake. Mengine hununuliwa na wageni, ndiyo. Sasa sikieni habari ya mtepe. Hiki kilikuwa chombo cha pwani, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za nazi bila misumari ya chuma, na tanga lake la mkeka. Kilitoweka baharini. Mwaka 2003 mtepe mkubwa ulipoundwa upya Zanzibar, mifano midogo iliyohifadhiwa ilisaidia kuonyesha umbo lake. Kumbe mchongaji alikuwa ametunza elimu!

Huku kwetu bahari hatuna, lakini watoto wetu huunda magari ya waya bila kufundishwa. Basi tujaribu. Omba seremala kipande cha mbao laini. Chonga umbo la nje kwanza, ndipo uchimbe ndani polepole. Sisi tulikuwa na haraka, tukapasua viwili. Piga msasa, simamisha mlingoti, funga kitambaa. Kisha kiweke kwenye karai la maji. Kikilala upande, punguza mlingoti au weka vijiwe ndani. Kikisimama wima, waite watoto.